Siri ya Mtungi: Tafakari Juu ya Vikundi vya Kina Dada Vyuoni



Katika majuma ya karibuni wazazi watatu, kila mmoja wa jumuiya yake, wametuuliza swali lile lile kwa maneno karibu yale yale: "Baba Paroko, binti yetu yuko chuoni, naye amejiunga na kikundi cha kina dada wenzake. Wana sare, wana michango, wana mambo yao ya usiku wasiyotaka kuyasema. Je, ni halali kwa binti Mkatoliki?" Swali likiulizwa mara moja hujibiwa pale mlangoni mwa sakristia na kila mtu akaenda zake. Likiulizwa mara tatu linadai tafakari, nasi tumeona vema tulitazame wiki hii pamoja nanyi.

Sisi tunaoishi Mwananyamala hatuna haja ya kwenda mbali kuwatafuta mabinti hao. Tunapanga nao nyumba moja. Kuanzia Komakoma hadi kwa Kopa, na kuvuka kuelekea Kijitonyama, ni nadra kukuta nyumba ya kupangisha isiyo na chumba cha wanafunzi. Wapo wanaosoma Chuo Kikuu Huria pale Kinondoni, wapo wa Ustawi wa Jamii, na wapo wanaodandia daladala kila alfajiri kwenda vyuo vya katikati ya jiji. Chumba ni kimoja, wakazi watatu, godoro mbili, jiko la gesi la mtungi mdogo, ndoo nne za maji na neti iliyoshonwa mara nyingi. Wametoka Ngara, Mbinga, Rombo na Sumbawanga. Kule nyumbani binti alikuwa na bibi wa kumkanya, shangazi wa kumfunda na mama mdogo wa kumficha akikosea. Hapa mtu mzima wa kwanza kumjua kwa jina ni mwenye nyumba, naye humjua kwa sababu ya kodi ya miezi sita.

Hivyo basi, mabinti hujitengenezea ukoo. Tumepata kuwasikiliza wengi, na tunaweza kuwasimulia jinsi vikundi hivi vinavyoishi. Mwaka wa masomo unapoanza, kila mgeni hupewa dada mlezi wa mwaka wa pili au wa tatu, ambaye humwonyesha wapi pa kutoa nakala kwa bei nafuu, mhadhiri yupi hapendi wachelewaji, na njia ipi isipitwe baada ya saa tatu za usiku. Jumamosi hupikwa sufuria moja kubwa ya pilau au ya wali na maharage, kadiri hali ilivyo. Siku ya kuzaliwa mtu humwagiwa maji mpaka nguo zishikane na mwili, kisha hukatiwa keki. Mkopo ukichelewa, hilo "bumu" wanalolisubiri kama mkulima anavyosubiri vuli, mwenye unga huleta unga na mwenye dagaa huleta dagaa. Akifiwa mmoja, wawili humsindikiza hadi stendi ya Magufuli kule Mbezi, nao hawaondoki mpaka basi liondoke. Na siku ya mahafali hushonwa kitenge cha aina moja, ili katika umati ule wa majoho meusi watambuane.

Ndugu msomaji, ukiyatazama hayo bila hasira utaona kwamba mengi ni mema. Tena utaona kwamba si mageni. Pwani yetu ilijua jambo hili kabla ya chuo chochote kujengwa. Mwari wa Kizaramo hakuachwa aingie utu uzima peke yake, bali aliwekwa ndani, akafundwa, akatolewa hadharani kwa ngoma, na njia nzima alikuwa na kungwi au somo wa kumshika mkono. Kina mama wa mijini nao walikuwa na vyama vyao vya ngoma, kama vile lelemama, vyenye sare, vyeo na mashindano makali baina ya kundi na kundi. Kuna waliowaona kama watu wa kupoteza wakati tu. Lakini chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954 na kuhitaji wanachama wanawake, aliyefanikiwa kuwaleta alikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapa Dar es Salaam. Hakuanza kwa kutunga hotuba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, akazungumza nao, nao wakawaleta wanachama wao. Uhuru wa nchi hii umepita katika vikundi vya kina dada, nasi tunaopita kila siku katika barabara iliyopewa jina lake pale mjini hatuna budi kulikumbuka hilo.

Ng'ambo nako jambo hili lina historia ndefu. Vyuoni Marekani vyama vya namna hii huitwa kwa neno lililotokana na Kilatini, soror, yaani dada, navyo hujipa majina ya herufi za Kiyunani, zile zile tulizohangaika nazo seminarini ili tupate kusoma Agano Jipya. Chama cha kwanza cha wanafunzi wanawake weusi, Alpha Kappa Alpha, kilianzishwa Januari 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, kwa wazo la msichana aitwaye Ethel Hedgeman. Rangi zao ni waridi na kijani. Miaka mitano baadaye, Januari 1913, wasichana 22 wa chuo hicho hicho walianzisha Delta Sigma Theta, na tendo lao la kwanza hadharani, mwezi Machi mwaka ule ule, lilikuwa kuandamana pamoja na wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Matawi ya vyama hivyo yakaenea, na wanachama hawaachi uanachama wakihitimu, bali hubaki nao hadi kaburini. Katika miaka ya 1960 wanawake wa Delta walichangia huduma ya wazazi katika hospitali ya Thika, nchi jirani ya Kenya. Na Kamala Harris, aliyefika jijini kwetu Machi 2023 akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, alijiunga na Alpha Kappa Alpha alipokuwa mwanafunzi wa Howard.

Kwa nini wasichana wale walifanya vile? Kwa sababu walikuwa wachache, na mchache hutafuta mwenzake. Fikirini habari ya hapa kwetu. Chuo Kikuu chetu kilipofungua milango Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, wanafunzi wote walikuwa wa sheria na darasa zima lingeenea katika daladala moja. Julie Manning ndiye mwanamke wa kwanza kusomea sheria katika chuo hicho, naye mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Tunapomfikiria akiingia darasani miongoni mwa wanaume watupu, tunaelewa kiu ya binti wa kuwa na mtu mmoja wa kumwambia, "Njoo ukae hapa."

Basi, kama tulivyosema, shina la jambo hili ni jema. Lakini shina jema laweza kuingiwa na mchwa, na mchwa wa vikundi hivi huingilia mahali pamoja karibu siku zote, yaani pale mgeni anapopokelewa.

Sisi tuliosoma seminari ndogo twaufahamu mlango huo. Tulipofika tukiwa watoto wa miaka 13 tulibebeshwa masanduku ya wakubwa, tukaimbishwa usiku huku tumepiga magoti, tukamwagiwa maji ya baridi ya milimani kabla ya kengele ya alfajiri. Tuliambiwa kuwa hayo yangetufanya wanaume na ndugu. Leo tukikutana sisi tulioingia pamoja hatulikumbuki hata jina la aliyetumwagia maji. Tunalikumbuka jina la kijana wa kidato cha tatu aliyetupa nusu ya blanketi yake usiku wa pili, akatufundisha kutandika kitanda ili tusiadhibiwe. Undugu ulitoka katika blanketi, wala haukutoka katika maji.

Vyama vile vya Marekani navyo vilifika mahali pabaya. Mwombaji alipitishwa katika kipindi cha majaribio ambamo alitembezwa kwa mstari, akakeshwa, akatumwa kama mtwana na mara nyingine akapigwa. Mwaka 1990 viongozi wa vyama vya wanafunzi weusi, vya kike na vya kiume, walikubaliana kukifuta kipindi hicho. Hata hivyo desturi iliyokatazwa mchana iliendelea mahali pengine usiku, kwa kuwa wengi walioumizwa waliona ni haki yao kuumiza.

Mwaka huo huo wa 1990 haukupita salama kwetu pia. Wale waliosoma Mlimani zamani wanamkumbuka Mzee Punch. Hakuwa mtu, ila jina la kundi lisiloonekana lililobandika ukutani maandishi na michoro ya kukashifu wanafunzi. Waliolengwa sana walikuwa wasichana, na hasa msichana aliyethubutu kumkataa mwanamume. Asubuhi watu walikusanyika, wakasoma, wakacheka, wakaenda darasani. Waliita utani, waliita utamaduni wa chuo. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyesumbuliwa kwa namna hiyo alijitoa uhai. Hapo ndipo wengi walipoacha kucheka, na utawala ukapiga marufuku. Tumwombee marehemu yule pumziko, na tuiombee kila jumuiya inayongoja msiba ndipo iuite ukatili kwa jina lake.

Mnaweza kusema, "Baba, hayo ni ya zamani, ukuta ule umekwisha." Laiti ungekuwa umekwisha! Ukuta umehamia mkononi, kila mtu anautembeza mfukoni. Nasi tuna habari ya karibu, ya hapa hapa mitaani kwetu, ambayo tumepewa ruhusa na wahusika kuisimulia, baada ya kubadili mambo machache ili wasitambulike. Hatutataja chuo wala kikundi.

Binti mmoja wa mwaka wa kwanza alipokelewa katika kikundi cha kina dada wapatao 20. Kikundi kile kilikuwa na desturi waliyoiita usiku wa kufunguka. Wageni huketishwa chini, taa huzimwa, huwashwa mshumaa mmoja, na kila mgeni hutakiwa kusema jambo moja la maisha yake ambalo hajapata kumwambia mtu. Binti alisema lake. Alilia, wakamkumbatia, wakalia naye. Alituambia kuwa usiku ule alilala kwa amani kwa mara ya kwanza tangu ashuke katika basi la kwao.

Miezi ikapita. Mchango ulikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na baba yake, mkulima, alikuwa hajauza mahindi. Alipokosa mwezi wa kwanza alikumbushwa. Alipokosa wa pili jina lake liliandikwa katika orodha na kutumwa katika grupu la simu, watu wote wakaiona. Wa tatu kulizuka maneno kati yake na mtunza hazina, akatolewa kwenye grupu. Siku mbili baadaye sauti yake ya usiku ule, ambayo mmoja alikuwa ameirekodi gizani, ilianza kutembea simu hadi simu. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Sasa fikirini kata ikitoka na kutangaza sokoni.

Binti akaacha kuingia darasani. Akafunga begi. Akaacha kula. Aliyemleta kwetu alikuwa mwenzake wa chumbani, binti wa Kiislamu kutoka Tanga, ambaye hakupata kuwa mwanachama wa kikundi chochote. Hakuingia ofisini. Alikaa nje juu ya benchi, chini ya mwarobaini, kwa muda wa saa mbili na zaidi, na tulipotoka tukamshukuru alisema kwa aibu kidogo, "Shikamoo Baba, samahani, niliogopa kumwacha peke yake." Tukaja kujua kwamba kwa usiku tisa mfululizo alikuwa amelala sakafuni mlangoni, ili mwenzake asiweze kutoka bila yeye kuamka. Hakuwa na sare. Hakula kiapo. Hakudai ajue siri ni nini.

Tulimweleza binti kwamba kusambaza sauti yake kwa nia ya kumdhalilisha si dhambi tu, ni kosa pia mbele ya nchi, kwani tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba akitaka kwenda polisi tungemsindikiza. Alitafakari, akaamua asiende. Uamuzi huo ulikuwa wake, nasi tukauheshimu. Tuliwasiliana na mama yake kwa idhini yake, naye akapanda basi usiku ule ule.

Wiki iliyofuata viongozi watano wa kikundi kile walikuja wenyewe, wala hawakuja kwa ajili ya jambo hilo. Walikuja na vitenge vipya, wakitaka tuvibariki katika Misa ya Dominika, maana wengi wao ni wanaparokia wetu na wanaimba kwaya. Tuliwakaribisha, tukawaomba watuonyeshe katiba yao. Ilikuwa imechapwa vizuri, kurasa tatu. Tuliisoma mbele yao tukiwa tumeshika kalamu. Vifungu vilikuwa 14. Vinane vilihusu fedha, vitatu sare, viwili adhabu, na kimoja jina la kikundi na rangi zake. Tukawauliza ni kifungu kipi kinasema cha kufanya mwenzao akiugua, au akikosa ada, au akiaibishwa. Walitazamana. Ndipo tukawaambia tunayoyajua, bila kuwaficha kitu.

Mwenyekiti wao, binti mwerevu wa mwaka wa tatu, hakukana. Alisema jambo ambalo tumelibeba moyoni tangu siku ile: "Baba, siri ndiyo inayotufunga. Kila mmoja akijua la mwenzake, hakuna atakayethubutu kumsaliti mwenzake."

Hapo, wapendwa, ndipo tulipoona ugonjwa ulipo. Sisi mapadre tunaishi na siri. Muungamishi husikia mengi kuliko kikundi chochote kitakachosikia mbele ya mshumaa. Lakini tazameni mpango wa Kanisa ulivyo. Katika kitubio anayefungwa ni yule aliyesikia. Padre akiivunja siri ya maungamo moja kwa moja, sheria ya Kanisa humtenga papo hapo, na kuondolewa adhabu hiyo kumewekwa mikononi mwa Kiti cha Kitume chenyewe. Aliyesema, yeye huondoka huru, hadaiwi chochote, hata jina lake si lazima alitaje. Katika usiku ule wa kufunguka mambo yaligeuzwa kichwa chini. Aliyesema ndiye aliyefungwa, na waliosikia wakabaki huru. Siri ya namna hiyo ni rehani. Na mtu aliyeweka rehani si dada, ni mdaiwa.

Tuliwaambia hivyo. Mmoja akalia, mwingine akakasirika akasema tunawaonea kwa sababu ni wasichana. Tukamjibu kwa upole kwamba maji ya baridi ya seminari nayo tunayahukumu vivyo hivyo. Hatukuvibariki vitenge siku ile. Tulisema tutavibariki, ila kwanza wamwendee mwenzao, na wakirudi tutazungumza juu ya vifungu 14.

Kisha tukawasimulia habari ya kikundi kingine cha wasichana. Tarehe 7 Septemba 1921, katika chumba kimoja mjini Dublin, Ireland, walikutana watu wachache waliozunguka sanamu ya Mama Maria. Alikuwapo mlei Frank Duff, alikuwapo padre mmoja, na waliobaki wote walikuwa wanawake, wengi wao vijana. Hakuna aliyeitwa asimulie aibu yake. Swali lilikuwa moja tu, nani atakwenda kuwaona wanawake maskini waliolazwa hospitalini, nao wakaenda wawili wawili. Ndiyo Legio ya Maria tuliyo nayo hata hapa parokiani. Mmoja wa mabinti waliojiunga baadaye, Edel Quinn, alikuwa na kifua kikuu kilichomzuia asiingie utawani, naye mwaka 1936 alitumwa Afrika Mashariki. Kwa karibu miaka minane, kwa gari bovu na mapafu mabovu zaidi, alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko akianzisha vikosi vya Legio, mpaka alipofariki Nairobi Mei 1944 akiwa na umri wa miaka 36. Mwaka 1994 Kanisa lilimtangaza kuwa Mstahiki.

Lakini tuliwasimulia habari hiyo kwa ajili ya jambo moja dogo. Katika mkutano wa Legio hupitishwa mfuko wa siri. Kila mmoja hutia mkono ndani ya mfuko na kuutoa. Mwenye 10,000 ametia, mwenye 200 ametia, asiye na kitu ametia mkono mtupu, na hakuna ajuaye wala aulizaye. Wahenga wetu walisema mkono mtupu haulambwi, na kweli dunia ndivyo ilivyo. Katika mfuko ule, walau kwa dakika moja kila wiki, mkono mtupu una heshima sawa na mkono uliojaa. Hiyo nayo ni siri, ila ni siri inayomfunika maskini. Kundi likitaka kuwa na siri, na liwe na siri ya namna hiyo.

Mtauliza mambo yaliishaje. Hayakuisha kama katika hadithi. Wanne kati ya wale watano walimwendea mwenzao, wakapiga magoti, wakaomba radhi mbele ya mama yake. Aliyerekodi sauti hajajulikana mpaka leo, au anajulikana na hajasemwa. Walimletea kitenge chake. Hakukipokea. Alisema amewasamehe, ila hatarudi kundini, nasi tunaamini kuwa kusamehe hakumlazimishi mtu kurudi alikochomwa. Alirudi darasani baada ya majuma matano, akarudia mtihani mmoja, na anaendelea na masomo. Bado anaishi chumba kile kile na binti yule wa Tanga.

Kikundi nacho hakikuvunjika. Usiku wa kufunguka umefutwa, orodha ya wadaiwa haitumwi tena, na pochi la kitambaa hupitishwa Jumamosi kabla ya pilau. Mtunza hazina alituambia, kwa mshangao wake mwenyewe, kwamba fedha hazikupungua sana. Katiba mpya ina ukurasa mmoja. Na Jumamosi ya kwanza ya mwezi wawili wawili huenda Hospitali ya Mwananyamala kuwatazama kina mama waliojifungua wasio na ndugu jijini, wakiwapelekea uji na kuwafulia khanga. Vitenge tulivibariki mwezi wa tatu baada ya siku ile.

Sasa turudi kwa wazazi wetu watatu. Jibu letu ni kwamba kikundi cha udada si haramu kwa binti Mkatoliki. Lakini mzazi amwulize binti yake maswali matatu, tena amwulize akiwa ametulia. La kwanza: mgeni akifika kwenu hupewa nini, blanketi au maji ya baridi? La pili: asiye na fedha mwezi huu hukaa wapi? La tatu: ukitaka kutoka kesho asubuhi, kuna kitu chako watakachokuwa wamekishika? Maswali haya yanatosha. Majibu yakimfanya binti anyamaze, mzazi asipige kelele, asimwite mpotovu. Akae naye. Binti aliyejiunga na kundi baya mara nyingi alikuwa akitafuta kitu kizuri.

Nanyi mabinti wetu, mkiwa mmetia saini ya uanachama au la, kumbukeni kwamba Ruthu na Naomi hawakuwa wa damu moja wala wa taifa moja, na hapakuwa na faida yoyote iliyoonekana njiani mwao. Mmoja alikataa tu kumwacha mwingine atembee peke yake. Udada hauna kipimo kingine kilicho juu ya hicho.

Na neno la mwisho ni letu sisi wa jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa AMECEA walipozifanya jumuiya kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976 walitaka Kanisa lishuke hadi uani, mahali watu wanapopikia na kufulia. Tunasali nyumba kwa nyumba Jumamosi alfajiri, sebuleni kwa mwenye nyumba, na mlango wa pili, hatua tano kutoka tulipo, wamelala wanafunzi watatu ambao hakuna aliyewabishia hodi tangu wahamie. Mabinti wale walijitafutia ukoo gizani kwa sababu ukoo uliokuwa jirani ulikuwa ukiimba tenzi huku umefunga mlango. Wiki hii tunaomba kila mwenyekiti wa jumuiya ahesabu vyumba vya wanafunzi katika eneo lake, na abishe hodi. Asiende na daftari la michango. Aende na jina lake, na aulize la kwao.

Tunawatakieni nyote Dominika njema. Mungu awabariki, na Mama Maria awaombee.

Paroko wenu,
Mwananyamala, Dar es Salaam